Tumekubaliwa Wote Wawili

Kaka Elia,

Tumekubaliwa chuo. Wote wawili.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama tukiwa kwenye foleni ya maji: wangu wa ukunga, na mara nyuma yake wako, wa uhandisi wa maji. Nilisoma jina lako kwa sauti kabla sijajizuia. Mama aliachia ndoo, akaketi palepale kwenye tope. Hata matanga yako tulikuwa hatujaanua.

Unakumbuka tulivyokwenda Kigoma mjini kwa ajili ya vyeti vyetu vya Burundi? Vilikuwa vya Kifaransa, vikahitaji tafsiri na muhuri, na kibali chetu cha kutoka kambini kilikuwa cha siku ile tu. Yule mzee wa ofisini akasema turudi kesho. Mimi nikaanza kulia. Wewe ukamwamkia upya, "Shikamoo mzee," kana kwamba ndiyo kwanza tunaingia, ukamwambia kesho yetu haimo kwenye kibali. Akacheka, akavaa miwani.

Na maombi yangu ya chuo je? Niliandika kwamba nataka kusaidia watu. Ukasema, "Kila mtu anataka kusaidia watu. Wewe, Nadine, unataka nini?" Ndipo nikaandika habari za Kagunga, tulipokimbia Burundi: tulivyokuwa tukingoja meli ufukweni na umati wote ule, Mama akashikwa na uchungu, wanawake wakamzungushia vitenge, mdogo wetu Kezia akazaliwa mchangani. Nilimshika Mama mkono na sikujua lolote la kufanya. Ulisoma mpaka mwisho. Ulitoka nje ukakaa peke yako.

Kisha malaria ikakupanda kichwani. Kaka, ilikuwa haraka mno. Asubuhi ulinidai chai. Jioni hukunijua.

Majibu yalipotoka, Mama alikataa katakata nisiende. "Nimezika mmoja," alisema, "wa pili siwezi kumsindikiza." Siku zikapita. Lakini chuo kilitaka jibu kwa kila nafasi, yangu na yako. Siku ya mwisho nikakaa karibu naye na simu mkononi, niandike kwamba huji. Nikaandika, nikafuta.

"Usiwaambie amekataa," Mama akasema. "Waambie angekuja."

Nikaandika hivyo hivyo. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema, bila kunitazama, "Na wewe waambie unakuja."

Alinisindikiza hadi kwenye gari, Kezia mgongoni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mpaka tulipopita njia panda ya Kidahwe.

Sasa nakuandikia kutoka bwenini. Masomo ni magumu, na wenzangu bado wanacheka lafudhi yangu. Siku nyingine nageuka nikuulize jambo, halafu nakumbuka.

Lala, kaka yangu. Ardhi isikuelemee. Nakuahidi kila likizo nitarudi kwa Mama, nitakaa naye jikoni, na akitaka kukutaja sitabadilisha mazungumzo.

Mdogo wako,
Nadine