Pikapu Iliyozimika Juu ya Munigi

Goma

Papa,

Nakusalimia wewe na Mama. Kifua chako kimefunguka, ao baridi ya asubuhi ingali inakusumbua? Na goti la Mama? Mimi mwili uko muzima, Mungu ashukuriwe. Roho ndiyo imechoka. Naandika kwa sababu kwenye simu ukisikia tu neno pikapu unaanza kunishauri mbele sijamaliza, kisha rezo inakatika. Barua haikatiki. Papa Katembo, yule mchuuzi wa vitenge, atazunguka nayo upande wa Uganda mpaka kwenu Butembo, maana njia yetu ingali imefungwa.

Unajua namna platini zile za kuwashia motere zilivyonitesa. Asubuhi ya ukungu kule Kibumba nazikuta zimelowa ao zimeungua. Nafungua deliko zinamokaa, nasugua na musasa, narudisha, na akina mama wenye magunia ya mashu, zile kabichi zao, wamesimama wananiangalia kama mutu anayechezea kazi. Nikachoka. Fundi Deo wa Murara alinipatia deliko isiyo na platini, ya gari lililopinduka lenye motere kama yetu, pamoja na kisanduku chake kidogo cha elektroniki kinachotuma moto wa cheche kwenye buji. Akafunga. Papa, nilipogeuza ufunguo motere iliitika mara moja! Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Kicheko hakikudumu. Siku moja nilikuwa nafunga kamba juu ya mizigo ya Mama Sifa, muteja wangu mkubwa wa Kibumba, nikamuona anakuja mbio, amemushika mukamwana wake Esperance mukono.

"Kambale, acha kamba! Mutoto anakuja!"

Nikawaweka mbele, tukashuka kuelekea hospitali. Njia ni mashimo na mawe, unaijua, nami naogopa kukimbia, naogopa pia kukawia. Esperance alikuwa anauma kitenge chake. Tulipokaribia kushuka Munigi, motere ikakata. Haikukohoa hata kidogo. Ilinyamaza tu.

Nikafungua kofia ya motere, nikachomoa waya wa buji, nikamwambia Mama Sifa ageuze ufunguo. Hakuna moto. Nikarudia. Hakuna. Na mvua ikaanza.

"Uliniambia hii ni moto mupya," Mama Sifa akasema. "Mupya namna gani?"

Nikasimamisha motari wa pikipiki. Esperance alipanda nyuma ya shofere, Mama Sifa akapanda nyuma yake akimushikilia kwa mikono miwili, wakaondoka na mvua ile, mawe yanawarusha. Mwanamuke wa uchungu, Papa, juu ya pikipiki, na mimi nimebaki na mashu.

Nilikaa pale mpaka motere ikapoa. Nikagusa ufunguo bila tumaini. Ikawaka! Ikawaka vizuri, kama vile haijamukosea mutu. Nilitoka nikaipiga teke mpaka kidole cha muguu kikavimba.

Nilifika hospitali, nikakuta Esperance amezaa mutoto mwanaume, wote wazima. Mama Sifa alipokea magunia yake, akanigeuzia mugongo.

Kwa Deo nako ilikuwa vita. Kila nikimpelekea gari, linawaka. "Ni karbiratere," anasema. Anasafisha, narudi njiani, linazimika. "Basi ni pompu." Tena linazimika. Mwisho nikazima redio yake, nikamwambia: "Leo hatutoki hapa. Washa, na tukae nayo mpaka ife mbele ya macho yako."

Tukakaa. Motere ikanguruma, ikapata joto, ikafa. Deo akaweka mukono kwenye kile kisanduku, akaurudisha haraka.

"Aah! Kinaunguza!"

Alikuwa amekifunga karibu na bomba la moshi, juu ya chuma chenye rangi, hata waya wa masi, ule wa kushika chuma cha gari, haukushika vizuri. Kikipata joto kinakata moto, kikipoa kinarudisha. Nilitaka kumutukana, lakini uso wake ulikuwa umeanguka, maana habari ya Esperance alikuwa ameisikia. Akakihamishia pembeni penye upepo, akakwangua rangi, akafunga waya wa masi upya.

Tangu hapo halijazimika. Najua utasema nirudishe platini. Hapana, Papa. Usinikasirikie.

Lakini Mama Sifa alikuwa amehamia kwa shofere mwingine. Nilipanda Kibumba gari tupu, nikamukuta shambani. Akasema: "Zima hapa hapa, ingali moto. Kisha washa." Nikazima, nikawasha. Ikaitika. Akaniambia nirudie. Ikaitika.

Mama asome barua hii pia, asiniombee tu kwenye misa bila kujua kwa nini. Musalimie kaka Paluku na bibi yake, na dada Masika anayeuza unga sokoni, na Shangazi anayekaa nyuma ya parokia. Mwambie dawa yake ya tumbo ilinifaa. Njia ikifunguka, nitaileta pikapu uisikie mwenyewe.

Siku ile shambani Mama Sifa alisema hivi, Papa, na ndivyo tulivyo mpaka leo: "Mashu yangu, pakia. Lakini mujukuu wangu hapandi humo."

Ni mimi mutoto wako,
Kambale