Mshono Ndani ya Sanduku la Mgeni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, anajulikana kama Bi Cherehani
Umri: miaka 71
Kazi: fundi wa sare za shule
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya soko
Yameandikwa: Ijumaa, 13 Juni, saa 3:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeishia darasa la tatu, lakini akili zangu ni timamu na uzi natunga bila miwani.

Msichana mliyemfungia humu ni mwanafunzi wa kigeni. Aliletwa kwangu mwaka jana na mpango wa kubadilishana wanafunzi, akae mwaka mmoja, asome na watoto wa hapa. Jina lake linanivunja ulimi, kwa hiyo tunamwita Mgeni. Leo saa kumi na mbili jioni ndege inamrudisha kwa mama yake.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, saa kumi jioni, mratibu wa mpango huo wa wanafunzi alileta sanduku jipya la magurudumu. Alisema ni zawadi ya kumuaga. Mgeni alirukaruka. Mimi sikuruka. Mwaka mzima bwana huyo hakukanyaga kwangu, hata Mgeni alipolazwa siku tano kwa homa. Jumatano saa nne asubuhi akarudi: "Bibi, ameshapanga nguo?" Alhamisi saa mbili asubuhi, huyo tena. Akalinyanyua sanduku, akaliweka, akalinyanyua.

Nikamwuliza, "Baba, unalichumbia?"

Akacheka kwa meno tu. "Napima uzito, Bibi. Asije akabadilisha begi, hili ni imara."

Alipotoka nilimwambia Mgeni atoe nguo zote. Akanuna. "Bibi jamani, nimezipanga tangu jana!" Nikamwambia azitoe yeye, au nitazitoa mimi kwa namna yangu. Akazitoa. Nikapitisha kidole kwenye bitana. Pande tatu zilishonwa kwa mashine. Upande wa nne, chini kabisa, ulishonwa kwa mkono: uzi wa pamba, umekunjwa mara mbili, na mwisho wake fundo. Nimeshona miaka arobaini na minne. Kiwanda hakifungi fundo. Sanduku jipya limezaliwa na kovu? Nikafumua. Zikatoka pakiti nne bapa za unga mweupe. Sikuonja, msiniulize.

Saa nne kamili asubuhi hiyo hiyo tulifika hapa kituoni, sanduku na pakiti zake ndani. Hapo kosa ni langu, na liandikwe. Goti linaniuma, nikamwachia Mgeni akokote sanduku. Askari wa mapokezi akauliza, "La nani hili?" Mtoto nimemfundisha kumjibu mtu mzima bila kuzungusha maneno. Akasema, "Langu, afande." Basi. Mkamfunga yeye, mimi mkaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Nani aliwaambia nimechoka? Mtoto wa watu amelala sakafuni kwenu, na mimi nimekesha kwenye kiti.

Jana saa kumi na moja jioni mratibu alipiga simu. Nilimwambia Mgeni anaoga na sanduku liko mlangoni. Huo ni uongo na siujutii. Leo saa nane mchana anakuja kumchukua. Badala ya kunitolea macho hapa, pelekeni askari wasiovaa sare wakamsubiri kwangu. Viti vipo. Cherehani wasiiguse.

Sikutishwa wala kufundishwa na mtu. Nimesema niliyoyaona na kuyashika kwa vidole hivi, na haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Neno "mtuhumiwa" amelikataa mara tatu, akitaka liandikwe "mtoto".

Nyongeza, saa 9:20 mchana: Mratibu alifika nyumbani kwa shahidi saa 8:05, akauliza lilipo sanduku kabla ya kumwulizia msichana. Amekamatwa. Msichana ameachiwa, amerudishiwa pasi yake, na anapelekwa uwanja wa ndege kwa gari la kituo. Shahidi amepanda kiti cha mbele bila kuruhusiwa.