Kwa Syombua Mwau, Ambaye Tulisema Amepona

Mwaka mmoja umetimia, Syombua, tangu asubuhi ile ulipotoka na jembe begani kwenda kufungulia bamia zako maji, ukaacha chai yako ikipoa mezani. Ulikuwa na miaka ishirini na sita. Susu wako, nyanya yako ambaye ulirithi jina lake, bado akisikia mlango wa jikoni umesukumwa hugeuka na kuita, "Wajina?" Kisha hujijibu mwenyewe kwamba ni upepo.

Wengi watakaosoma haya, hapa Kibwezi na kule Tulia, ndio waliotoa mbuzi na kuku zao ili uende ng'ambo kutibiwa. Ndiyo maana tunakuandikia mbele yao. Kuna jambo tulilowaambia juu yako, na halikuwa kweli.

Kwanza tuseme ulivyokuwa, maana hilo hatukulikosea. Hukuweza kumpita mtu amebeba mzigo bila kumuuliza anafika wapi. Ulisuka nywele za akina nyanya wa kanisa Jumamosi nzima ukivuma nyimbo puani, na hukuomba kitu. Bamia ulizijua kwa kidole: ile inayokatika ncha mara moja uliiweka kwa kreti ya mnunuzi, ile inayopinda uliirudisha nyumbani, na zile ndogo kabisa ulimwekea Bilan mwenye duka, kwa sababu alisema anazipika na nyama na watoto wake hawagombani siku hiyo.

Kifafa kilikushika ukiwa na miaka tisa, darasani, kule Tulia. Kuanzia siku hiyo dawati lako likawa la mtu mmoja. Watoto waliambiwa wasiguse povu lako. Susu wako alikuja na leso yake, akakupangusa mbele yao wote, akakuhamishia nyumbani kwake ulale naye. Masomo yake ni ya darasa la saba, dawa za ugonjwa huo hakuzijua, lakini vitendawili alikuwa navyo vya kutosha. Kila ulipomaliza kuanguka alikuinamia sikioni na kusema, "Kitendawili." Alingoja. Hata ulimi ukiwa mzito vipi, ukisema "Tega," alijua umerudi nyumbani.

Tembe za hospitali ya Mutomo zilikusaidia miaka kadhaa, kisha zikachoka. Tulipohamia Kibwezi kwa baba yako Mwau, sheria ya nyumba ikawa moja: Syombua haendi kwenye maji wala moto peke yake. Dada yako Kavata alikufuata kisimani, jikoni, hata chooni alisimama nje akiimba ili ujue yupo. Wewe ulicheka tu. Ulimwambia mama yako Kalunde, "Watu wengine wana kivuli kimoja. Mimi ninavyo viwili, na hicho cha pili kinakula sana." Kavata alikurushia mwiko.

Halafu daktari mmoja wa Nairobi akatuambia kuna hospitali India inayojaribu kifaa kipya, kidogo kama kifungo cha koti, kinachowekwa chini ya ngozi ya kichwa. Kinausikiliza ubongo, na kikisikia kifafa kinakuja kinajaribu kukituliza. Kanisa likakusanyika, soko likakusanyika. Ulisafiri na baba yako, na Susu wako akaenda kwa sababu ulisema bila yeye hutapanda.

Kwenye uwanja wa ndege walimnyang'anya chupa yake ya asali. Alibishana nao mpaka foleni ikasimama. Wewe ukamvuta mkono. "Wajina, twende. Wanafikiri utalipua ndege na nyuki." Na huko juu, alipokuwa ameshika kiti kwa mikono miwili na macho ameyafunga, ulimwinamia wewe, zamu hii.

"Kitendawili."

"Tega," akasema bila kufungua macho.

"Nilikula kuku juu ya mawingu, na sikuwa malaika."

Alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama ni mgonjwa.

Daktari wa huko alikuwa mama mwenye miwani, na maneno yake aliyapima. Baba yako alitafsiri sentensi moja moja. Alisema hili ni jaribio, linaweza kufaulu na linaweza kushindwa. Alisema kifafa kikinyamaza, kunyamaza huko si kupona. Kwa miaka miwili usiachwe peke yako karibu na maji. Na kila ukianguka, tuweke alama kwenye kadi, tuwatumie picha ya kadi kwa simu kila mwezi, ili wajue kifaa kinataka kurekebishwa.

Susu wako aliuliza, "Kwa hivyo amepona?"

"Bado, mama," daktari akasema.

Aliisikia hiyo "bado." Masikio yake yalikuwa mazima.

Tulipofika Kibwezi watu walikuwa wametungoja barabarani na ngoma. Mzee aliyemtoa beberu wake wa pekee alikuja mbele, akamshika Susu wako mkono, akauliza, "Habari ya mgonjwa?" Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba bado inajaribiwa? Susu wako alisema, "Amepona." Neno lilimtoka kama kikohozi. Ngoma zikapigwa, na hakulirudisha tena.

Hatutasema miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Hukuanguka hata mara moja. Kavata aliacha kukufuata. Ulimwomba baba yako kipande cha shamba kando ya mfereji kiwe chako, akakupa. Ulitembea sokoni peke yako, ukarudi na mandazi mawili, ukayaweka mezani. Mama yako alipouliza ni ya nini, ukasema, "Si ya kitu. Nimeyanunua tu, na hakuna mtu alikuwa nyuma yangu." Hukuyala mpaka jioni. Uliyatazama.

Mwezi wa nne tangu turudi, ulianguka dukani kwa Bilan, mchana, watu wakipita. Alikulaza kwa ubavu, akakuwekea shela yake chini ya kichwa, akafunga mlango ili usitazamwe. Ulipopata nguvu alikuleta nyumbani mwenyewe.

"Susu, ameanguka," alisema. "Dakika mbili na kitu. Niliangalia saa."

"Ni jua," Susu wako akasema.

"Si jua. Kwetu mjomba wangu alikuwa nayo. Pigieni ile hospitali simu."

"Tutapiga."

"Leo?"

"Bilan, wewe si wa kanisa letu, huwezi kuelewa. Ibada ya shukrani ni Jumapili."

Bilan alijifunga leso yake vizuri. "Hata sisi kwa msikiti hatuambii mtu afiche ugonjwa," akasema, akaenda, na chai aliyowekewa hakuigusa.

Alhamisi ulianguka tena, kitandani, jua limeshatoka. Susu wako alikuwa peke yake na wewe. "Kitendawili," akasema. Akangoja sana. Aliposikia "Tega" tayari alikuwa ameanza kulia. Nawe ulipokaa vizuri ulimwambia maneno ambayo tangu hapo hayajamtoka.

"Wajina, Jumapili nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba imerudi. Mara mbili. Si dhambi, Susu. Daktari alisema inaweza."

"Watu wametenga mbuzi wa kuchinja. Kwaya imeshona sare. Acha ipite kwanza."

"Na kadi?"

"Kadi pia ingoje."

Ulijifuta mdomo. Kisha ukasema, "Haya, Susu." Hukusema Wajina.

Mama yako aliona damu kwenye foronya pale ulipouma ulimi. Aliifua, akaianika nyuma ya nyumba, na hakuuliza. Baba yako hakujua. Kesho yake, siku ya kutuma kadi, aliuliza aandike ngapi, na Susu wako akamwambia, "Andika sifuri." Akaandika.

Jumapili walikuita mbele. Ulivaa lile gauni la kijani. Kabla hujafungua mdomo, Susu wako alichukua kipaza sauti akasema Mungu amekuponya kabisa, hujaanguka tena tangu India. Kanisa zima lilisimama. Ilipofika zamu yako ulisema, "Asanteni kwa kunibeba," ukarudi kwenye kiti chako. Watu walisema ni unyenyekevu.

Jumatatu Susu wako alijiambia kesho atapiga simu. Kesho yake alijiambia hivyo hivyo. Siku ya kumi na moja baada ya ibada ulikwenda kwenye bamia zako, peke yako, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imesema wewe ni mzima. Maji ya mfereji ule hayafiki goti. Baba yako ndiye aliyekuinua.

Matangani watu walisema umeteleza. Tuliwaacha waseme. Kwenye wasifu tuliandika "ajali ya maji," na Susu wako akakaa mstari wa kwanza akiupokea mkono wa kila mtu.

Alibeba jambo hilo mpaka mavuno ya mbaazi. Siku moja akiwa anapura na baba yako alimweleza yote, jua likiwa kali, bila kupumzika. Baba yako hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alimletea kadi na kalamu. "Weka alama wewe," akasema. Susu wako akaifuta ile sifuri na kuweka msalaba wa dukani, msalaba wa kitandani, na wa tatu ambao hakuna aliyeuona. Baba yako akapiga picha, akatuma India. Daktari alijibu siku hiyo hiyo. Alitoa pole. Alisema wangeweza kukirekebisha kifaa, ingawa hawezi kuahidi kwamba kingekuokoa, na kwamba sasa watawaita wagonjwa wengine wenye kifaa kama chako wakaguliwe. Hakutugombeza. Susu wako alitaka agombeze.

Tulifikiri yataishia hapo, yawe ya nyumbani. Lakini mwezi uliopita tulisikia Munyao, fundi wa baiskeli, ambaye ana ugonjwa kama wako, ameacha tembe zake. Susu wako alimkuta chini ya kivuli cha banda lake anapinda spoki.

"Munyao, meza dawa."

"Susu, mimi naamini. Aliyemponya Syombua si ananiona na mimi?"

"Syombua hakupona."

Aliweka spoki chini. "Lakini ni wewe ulisema. Na kipaza sauti. Mimi nilikuwa pale, nililia."

"Nilisema. Nilidanganya, mwanangu."

Hakumwamini. Alifikiri ni uchungu wa msiba, mwaka ukielekea kutimia. Alimpa kiti, akamwambia apumzike, akarudi kwa gurudumu lake. Na wangapi wengine walikuwa kanisani siku ile, ambao hatujui majina yao wala hatujui wameacha nini?

Kwa hivyo, Syombua, yale uliyotaka kusema Jumapili ile tunayasema sisi, tumechelewa. Ndugu zetu mliotoa, mlichotoa hakikupotea. Kilimpa miezi mitatu ya kutembea bila mtu nyuma yake. Uongo ni wetu. Kifafa kilirudi. Mwenye tembe azimeze, na mwenye mgonjwa asimwache peke yake kwenye maji hata kama wakubwa wake wamesimama mbele ya watu wakasema ni mzima. Munyao, tumeandika jina lako hapa ili usiseme ni uchungu wa bibi kizee. Baba yake Syombua ameweka mkono, na mama yake, na Bilan aliyeona kwa macho yake.

Tunakuomba msamaha, mtoto wetu. Hukuwa na aibu ya ugonjwa wako. Aibu ilikuwa yetu. Hukuhitaji kupona ili uwe wa kusimamishwa mbele ya watu. Ungesimama hivyo hivyo, na gauni lako la kijani, ukasema imerudi, na waliokubeba mara ya kwanza wangekubeba tena. Tulipaswa kuwajua hivyo. Tulipaswa kukujua wewe.

Unakumbukwa na baba yako Mwau, mama yako Kalunde, dada yako Kavata, ndugu yako Nzau aliye Mutomo, rafiki yako Bilan na watoto wake, akina nyanya uliowasuka, na Susu wako Syombua, wajina wako, aliyekunyamazisha.

Daima tutakukumbuka jinsi ulivyokuwa, si jinsi tulivyosema.