Seli Nyeupe ya Kitanda cha Ishirini na Saba

Ofisi ya Mlezi,
Bweni la Wasichana.
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako. Je, kile kikohozi kimekuacha? Mkeo na pacha hawajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo hubishana nami kwenye kila ngazi ya bweni hili tangu niliporithi kazi ya marehemu mama yako.

Asante kwa makro, ile programu ndogo uliyonitungia kwenye kompyuta. Kila kitanda kina seli yake, kisanduku kimoja, katika lahajedwali: vyenye wasichana vimepakwa kijani, vibovu njano, nayo makro hutafuta seli zisizo na rangi na kunitajia vilivyo wazi. Mwanzoni mwa muhula ilinitajia cha ishirini na saba. Nikampa msichana mgeni.

Mpishi, aliyekaa hapa miaka mingi kuliko sote, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, miaka mingi marehemu hakumlaza mtu pale. Wewe umemuuliza nani?" Nikamwambia arudi kwenye sufuria zake. Hata hivyo, nilipoitazama seli ile, niliona haina mistari pembeni kama seli nyingine zisizo na rangi. Ndiyo sababu nilikupigia simu.

Ulinieleza kwamba seli isiyopakwa na seli iliyopakwa nyeupe ni vitu viwili, na kwamba makro ilikuwa ikizichanganya. Sasa umeirekebisha. Katika vitanda tisini na sita, imekuta seli moja tu iliyopakwa nyeupe.

Mama yako hakukosea. Alikifunga kitanda kile bila kuandika neno.

Hukuwahi kuambiwa. Miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa mwalimu mkuu, msichana wa kitanda hicho alisema kichwa kinamuuma. Ilikuwa asubuhi ya mtihani wangu. Mama yako alipanda ofisini kwangu mara mbili. "Kaka, mtoto anaungua." Nikamjibu, "Ataungua zaidi akifeli." Alasiri tulimfunika shuka mpaka usoni. Mama yako hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonitafuna.

Jana msichana mgeni hakuamka kwa kengele. Kichwa. Nayo ilikuwa siku ya jaribio. Sentensi ile ile ilinijia mdomoni, imekamilika, haina kosa. Niliimeza. Nikamwita dereva, tukamfikisha hospitali, nami nikakaa kando yake mpaka daktari aliposema tumewahi.

Anarudi Ijumaa. Aliniomba jambo moja tu: "Mwalimu, kitanda changu usimpe mtu." Nikaahidi.

Kwa hiyo seli ile lazima iwe kijani. Wiki zote hizi sijathubutu kuigusa. Niambie wewe unayezijua: nikiipaka kijani, ile nyeupe ya mama yako hubaki chini yake, au hufutika kabisa? Nijibu kabla ya Ijumaa.

Msalimie mkeo, na shangazi yako ukimwona. Mungu akulinde, na pacha awajalie watu wa kuwaamini wanaposema wanaumwa.

Mimi mjomba wako akupendaye.