Usiniambie Tena Kwamba Baba Hasumbui

Tabora

Mdogo wangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Sisi huku tunaamka salama, alhamdulillahi. Huko Matambarale mvua mmepata? Mguu wa wifi umepona?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaweka sauti kubwa, Baba anasikia. Juzi nilipouliza hali yake tangu kiharusi, ulisema, "Dada, siku hizi hasumbui mtu. Anajikalia ndani tu, hata chakula haombi, wala haongei." Sikiliza, mdogo wangu. Maneno hayo niliyasema mimi, juu ya marehemu shemeji yako.

Naye kiharusi kilimpooza mkono wa kulia, akaona haya kula kwa kushoto mbele za watu. Nami kwa kumsitiri nikamtengea sahani chumbani. Cherehani yake nikaifunika. Wageni wakija, nasema amelala. Siku moja akaniuliza, ulimi mzito, "Mama Rehema, mimi mgeni humu ndani?" Nikacheka. Baadaye hakuuliza tena. Mazoezi akaacha, kula akaacha. Akilia namwambia, "Usikufuru, zidisha dua." Kliniki muuguzi akauliza anaendeleaje, nikajibu, "Hasumbui." Niliona aibu kusema mume wangu analia.

Muuguzi yule alikuja msibani. Akaniambia majonzi yale baada ya kiharusi nayo ni ugonjwa, yana ushauri na dawa zake, ningesema mapema. Dua naomba mpaka leo, Hamisi, lakini mdomo niliufunga mwenyewe.

Basi Baba mrudishe mkekani, ale sinia moja na nyie, kwa mkono huo aliobakishiwa na Mungu. Mmwagie korosho atenganishe nzuri na mbovu, akikosea mwache. Akitafuta neno, usimmalizie. Mazoezi afanye hata akinuna. Na wiki hii mpeleke hospitali Ruangwa, umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba hataki kula wala kuongea. Usimfiche kama nilivyoficha mimi. Mimi nawapikia wanafunzi wa bweni, siwezi kutoka kabla shule haijafunga, na naogopa kumkuta amegeukia ukutani kama mume wangu siku zake za mwisho.

Nisalimie wifi, na shangazi anayemfulia Baba. Yule jirani aliyekuwa akicheza naye bao mwambie aache woga, aje. Kete hata kwa kushoto zinashikika.

Ukinipigia tena, nataka kusikia Baba amekugombeza.

Ni mimi dada yako,
Somoe