Kikwembe cha Ndani ya Valizi

Jumatatu, tarehe 3

Magauni sita ya kwaya. Matano tayari. La sita limenivunjia sindano. Sindano haina kosa, kitambaa ndicho kichwa kigumu: nailoni tupu, inateleza chini ya mguu wa mashini kama samaki ndakala mkononi. Mama Sifa, jirani yangu, ndiye aliyeileta. Aliniapia Mungu kwamba aliuziwa koton ya kweli. Nikachomoa uzi mmoja, nikauwasha kwa kibiriti mbele ya macho yake. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Huu ulijikunja, ukanuka, ukabaki kitone cheusi kigumu. Akanikasirikia mimi, si aliyemuuzia. Haya, nimezoea.

Huko uwandani mizinga imelia tena asubuhi. Bado ni mbali.

Jumatano, tarehe 5

Watu wa Kiringye, kule uwandani, wanapita barabarani wakikimbia, magodoro kichwani. Sikuwauliza kitu. Kiringye ndiko nilikozaliwa. Baba alilima pamba kule, nami nimekua nikiichambua. Hakuna wa kunidanganya kwa kitambaa.

Neema, mwanangu wa pekee, anazunguka nyumbani na tumbo lake. Siku zake zimekaribia. Mume wake Bahati yuko Kalemie na boti hazitembei. Mtoto ni wa kwanza. Kwetu kikwembe cha kwanza cha kumbebea mtoto mgongoni kinatolewa na bibi, mama wa mzazi. Nacho kiwe cha pamba. Bibi asiyekitoa atasemwa mtaa wetu wa Kilibula mzima mpaka azikwe.

Leo Neema ameniuliza, kwa haya, akiangalia chini. Nimemjibu kwamba sokoni hakuna pamba, barabara ya Bujumbura imefungwa.

Ni kweli sokoni hakuna.

Alhamisi, tarehe 6

Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Ninacho. Kiko chini ya kitanda, ndani ya valizi, sanduku langu la safari, pamoja na majani ya mwarobaini ya kufukuza nondo. Wax ya kweli, pamba tupu, ya bluu, yenye ndege wa manjano. Marehemu mume wangu aliniletea vipande vitatu. Viwili nilivivaa mpaka vikachanika. Hiki cha tatu nimekiweka cha kuzikiwa.

Wakati wa vita vya kwanza dada yangu mkubwa tulimzika ndani ya pazia. Pazia la nailoni, la maua. Mimi fundi, na sikuwa na hata kipande cha kumfunika. Udongo ulikuwa unateleza juu yake. Nikaapa: mimi, hapana. Mimi nitalala ndani ya pamba.

Jumamosi, tarehe 8

Nimemshonea Neema cha nailoni. Rangi ya waridi, pindo mbili, mshono mzuri kabisa. Nimemwambia ni chepesi, kinakauka haraka, na tukikimbia mvuani pamba itakunywa maji na kuwa nzito kama jiwe. Yote ni kweli. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu alfajiri.

Amekiweka shavuni. Amefurahi. Aksanti mama, aksanti sana.

Nimejiona mwizi.

Jumanne, tarehe 11

Amejifungua. Msichana. Wazima wote wawili, Mungu asifiwe. Kule uwandani mizinga, na huku mtoto analia kwa nguvu kuliko mizinga.

Neema amempa jina langu. Zawadi. Sikumwomba.

Ijumaa, tarehe 21

Joto la kuua. Ziwa limetulia, hakuna hata upepo. Mtoto ana vipele shingoni na tumboni, pale kikwembe kinapomgusa. Usiku halali, mchana halali. Neema anafikiri ni maziwa yake.

Mama Sifa amekuja kumwona mtoto. Akashika kile cha waridi kati ya vidole viwili, akanitazama. "Weye fundi, mutoto unamufunga mu nailoni?" Na siku ile ya uzi nilimcheka sana! Nikamwambia anyamaze, ya nyumba yangu ni yangu. Akaenda zake bila kuaga.

Nimeivuta valizi. Nimeifungua. Nimekishika kikwembe, nimekirudisha. Mtu mzima, nywele nyeupe, namwonea mtoto wa siku kumi wivu wa kitambaa. Nina aibu, lakini nimekirudisha.

Jumatatu, tarehe 24

Daftari limepona kwa kuwa lilikuwa kifuani mwangu. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Masasi ya bunduki yaliingia mtaani saa nne asubuhi. Watu wote mlimani. Sufuria ya maharage niliiacha motoni. Mashini niliiacha, mashini iliyonilisha tangu nilipokuwa msichana. Unga niliuacha. Nilichukua valizi. Valizi! Neema alikuwa na mtoto mgongoni, na mimi nina nguo ya kuzikwa kichwani.

Mvua ikatukuta njiani. Njia ikawa tope, mawe yakawa sabuni. Neema mbele, mimi nyuma yake. Nikaona fundo kifuani kwake linashuka kila anapogeuka kuniangalia. Nailoni ikilowa haijishiki. Nikataka kupiga kelele, pumzi haikuwepo. Fundo likafunguka polepole. Mtoto akateleza upande, kichwa chini, kuelekea kwenye mawe.

Nilitupa valizi. Nilimdaka mguu. Mguu mmoja, mdogo kama kidole gumba changu. Sijui nilifikaje.

Amelia. Alipolia nikajua yu hai, nikakaa chini topeni.

Valizi ilikuwa imepasuka. Ndege wa manjano wako nje, kwenye mvua. Neema aliwaona. Alinitazama, masasi yanalia huko chini, watu wanatupita.

"Mama. Hii ilikuwako?"

"Ilikuwako."

Akakiokota kikwembe, akamfunga mtoto mwenyewe. Fundo la pamba likilowa linakaza. Nilijua hilo tangu nikiwa mtoto mdogo shambani kwa baba.

Jumatano, tarehe 26

Tuko juu, kwenye kanisa dogo la majani. Watu wengi, moshi mwingi. Neema hasemi nami. Ananyonyesha akiwa amegeukia ukuta. Nikimpa maji anayapokea, macho pembeni. Ni haki yake. Ningekuwa yeye ningetukana.

Mama Sifa naye yuko hapa. Amenipa muhogo wa kuchoma, akauliza kwa nini mama na binti kimya hivi. Nilimweleza yote. Valizi, pazia la dada, uongo wa soko, fundo. Nilingoja acheke, nimlipe deni la kile kibiriti. Hakucheka. Alikula muhogo wake. Baadaye akasema, "Hata minye bado ningekificha." Sijui kama ni kweli au ni huruma.

Alhamisi, tarehe 27

Mvua. Neema bado hanisemeshi. Vipele vya mtoto vimeanza kukauka. Nimevihesabu akiwa amelala, shingoni vimebaki vinne.

Ijumaa, tarehe 28

Huko chini mizinga haijalia tangu jana. Wanaume wawili wameshuka kuangalia. Tunangoja.

Asubuhi Neema alikuja akasimama mbele yangu na mtoto mikononi. "Inama." Nikainama. Akamweka mgongoni kwangu, akanifunga yeye mwenyewe, akavuta fundo mara mbili, kwa nguvu, mpaka likaniuma. "Beba wajina wako. Minye naenda kutafuta kuni." Maneno ya kwanza tangu Jumatatu.

Nimetembea naye kuzunguka kanisa, taratibu. Alilala. Nilimwambia habari za baba yangu na pamba ya Kiringye. Kabla ya saa sita mgongo wangu ukapata joto, joto likashuka mpaka kiunoni. Wajina amekojoa. Pamba imeunywa mkojo wote, hata ndege na mabawa yao wamelowa. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Kile cha waridi tumekichana, kinafunga valizi iliyopasuka. Kwa kazi hiyo kinafaa.

Kikwembe nimekifua kijitoni na kukitandaza juu ya jiwe. Mimi watanizika ndani ya watakachokipata.

Jua ni dogo, bado hakijakauka. Neema ameketi pembeni yangu, tunakitazama.