Sufuria ile niliimaliza minye

Yaya, dada yangu mkubwa mpenzi,

Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu kwa haya. Leo naandika haraka, nisije nikaogopa tena.

Ulikuja kwetu Likasi mama yako, dada wa mama yangu, alipofariki, ukanisuka nywele, ukaniwekea ukoko wa bukari, ugali wetu. Na minye nikakulipa nini?

Ile Jumamosi kambi nzima ya wafanyakazi ilienda salongo, kufagia barabara kwa amri ya serikali. Weye ulibaki kupika, minye nikasingizia kichwa. Ulipoenda kuchota maji, nilikula bukari ya watu sita na makayabu yote, samaki wale wa chumvi, bila njaa. Kisha nikaenda nyuma ya migomba, nikajitapisha kwa kidole, kama nilivyozoea.

Mama akarudi, akafunua sufuria.

"Haiko minye, mama," ulisema.

"Na nani basi? Panya?"

Mwiko ukakuangukia mgongoni, nami nimesimama mlangoni natazama. Na weye ulijua! Ni weye uliyenishika paji la uso siku zile, ukauliza tu, "Tumbo tena?" ukafunika matapishi kwa majivu. Neno moja lingekuokoa, hukulisema. Wiki iliyofuata baba akakupandisha treni ya kurudi kwenu Kasai, na jina la mwizi juu.

Nikaendelea miaka sita. Mama alifikiri nina mimba, halafu nimerogwa, tukazunguka kwenye maombi. Hospitali nilipelekwa baada ya kuanguka kwenye foleni ya unga. Daktari akasema kutapika kumenichosha moyo, kwamba huu ni ugonjwa, unaitwa bulimia, na unatibika.

"Ungekuja siku ya kwanza uliyokula kwa kujificha," alisema. "Ulingoja kuanguka kwa nini?"

Naenda kwake kila Alhamisi. Kuna wiki nzuri, kuna wiki narudia. Naona aibu, lakini naenda.

Jana nilimweleza mama yote. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akaacha.

"Nilimupiga mutoto wa dada yangu bure," akasema, akalia kwa sauti. Halafu akaenda kutafuta kitenge chake cha misa.

Anapanda treni Jumanne, Yaya, anakuja kukuomba msamaha. Barua hii naipa jirani anayetangulia kesho. Ukimfungulia mama mlango, tazama nyuma yake. Nitakuwa hapo, na kama hutaki kuniona, nitangoja nje.

Mdogo wako, mwizi mwenyewe